Mbona duka halina rezista ya 500? Historia fupi ya kidude chenye mistari

Leo tunaweka programu kando kidogo, tuguse vifaa vyenyewe.

Nenda kwa fundi wa redio hapa Maua umwambie unataka rezista ya omu 500. Atakuuliza, "Nikupe 470 ama 560?" Hana 500. Panda gari mpaka Nairobi, shuka Luthuli Avenue kwenye maduka ya spea za elektroniki, na huko pia yaelekea utajibiwa hivyo hivyo. Mtu aliyezoea kompyuta lazima ashangae. Kwani namba hizi za ajabu ajabu, 47, 56, 68, 82, zilitoka wapi? Si wangetengeneza 50, 60, 70 na 80 tukaelewana?

Jibu liko kwenye historia. Na ni historia hiyo iliyomwezesha fundi wa mji mdogo kama wetu, kilomita kama 50 kutoka Meru mjini, kurekebisha redio iliyoundwa Japani bila kumwandikia Mjapani barua. Tuifuate, kisha tuone inapoishia, maana mahali inapoishia ndipo nyumba za watu huungua.

KAZI YA REZISTA

Kwa kifupi: rezista hukinza umeme. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kitabu akieleza uhusiano wa volti, mkondo na ukinzani. Ukitaka kujua ukinzani, chukua volti ugawanye kwa ampea. Hesabu ni hiyo tu, na ndiyo sababu kipimo chake kikapewa jina la Ohm. Fungua redio, chaja ya simu au televisheni, utazikuta rezista zimejipanga kama mahindi kwenye gunzi.

RANGI ZILIANZAJE?

Miaka ya 1920 redio zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani. Viwanda vilikuwa vingi na kila kimoja kilikuwa na mtindo wake. Rezista yenyewe ni ndogo na ya mviringo. Maandishi juu yake hufutika, na ikilehemiwa vibaya maandishi yanaangalia chini, hata yasisomeke. Chama cha watengenezaji redio huko, Radio Manufacturers Association, kikaleta mpango wa rangi. Mwanzoni mwili mzima ulipakwa rangi ya tarakimu ya kwanza, ncha ikapakwa rangi ya tarakimu ya pili, na nukta ikaonyesha idadi ya sufuri. Baadaye ndipo ikaja mistari tunayoijua leo.

Rangi zenyewe ni hizi: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, machungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Ukitazama vizuri, kutoka nyekundu hadi zambarau ni upinde wa mvua. Njano, zambarau, kahawia ni 4, 7 na sufuri moja, yaani 470. Mstari wa mwisho, wa dhahabu au fedha, unasema namba hiyo inaweza kukosea kwa asilimia ngapi: dhahabu ni 5, fedha ni 10.

Sisi watu wa programu tunajua umuhimu wa makubaliano kama haya. ASCII ya mwaka 1963 iliziwezesha kompyuta za kampuni tofauti kubadilishana herufi. Lakini rangi za rezista zilitangulia, na zina sifa ambayo ASCII haina: hazihitaji mashine wala Kiingereza. Fundi aliyeishia darasa la nne huzisoma sawasawa na injinia wa Tokyo.

NA HIZO NAMBA ZA AJABU?

Hapa turudi Ufaransa, miaka ya 1870. Afisa wa jeshi aitwaye Charles Renard alikuwa akishughulika na maputo makubwa ya jeshi, yale yanayofungwa kwa kamba. Kamba zilikuwa za saizi 425. Hebu fikiria mtunza ghala! Renard akazipunguza hadi 17. Badala ya kuongeza kiasi kile kile kila hatua, alizidisha kwa kiasi kile kile kila hatua.

Wazo hilo ndilo lililokuja kwenye rezista. Shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilianza kulishughulikia mwaka 1948 na kutoa kiwango chake mwaka 1952. Mfuatano unaojulikana zaidi una namba 12:

10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82

Kila moja ni kama mara 1.21 ya iliyotangulia. Ukipiga hatua 12 kutoka 10 unafika 100, kisha unaanza upya: 100, 120, 150 na kuendelea. Kwa nini 12? Kwa sababu rezista za wakati huo zilikuwa zikikosea kwa asilimia 10. Iliyoandikwa 10 ingeweza kuwa popote kati ya 9 na 11. Iliyoandikwa 12 ilikuwa kati ya 10.8 na 13.2. Sasa kutengeneza ya 11 kungefaa nini? Tayari imo humo humo. Karibu hakuna pengo, na hakuna kinachotengenezwa mara mbili.

Faida yake kwa mwenye duka ni kubwa. Kutoka omu 10 mpaka omu milioni moja, anahitaji aina 60 hivi tu. Na wewe mwenye kutaka 500 hujanyimwa: chukua mbili za 1,000 uziunganishe sambamba, utapata 500 kamili.

MKEBE WA KIMBO

Transista ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell, Marekani. Mwaka 1954 ikatoka redio ndogo ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1. Baada ya hapo redio haikuhitaji stima tena, betri kavu zilitosha. Dar es Salaam kampuni ya Matsushita ilikuwa na kiwanda cha betri na redio za National. Hapa Kenya, idhaa ya taifa iliitwa Voice of Kenya kuanzia 1964 mpaka ilipoitwa tena KBC mwaka 1989. Redio ikapanda milima ya Nyambene kabla ya nyaya za stima.

Na redio huharibika. Rezista za zamani za unga wa kaboni ulioshindiliwa hunyonya unyevu, na miaka ikipita ukinzani wake hupanda. Mahali penye mvua na ukungu kama huku kwetu, hilo si jambo dogo.

Fundi hana ghala. Ghala lake ni mkebe wa Kimbo uliojaa spea alizotoa kwenye redio zilizokufa. Watu huudharau mkebe huo, lakini angalia vizuri: unafanya kazi kwa sababu ya mambo mawili tuliyoyaona. Rangi zinamwambia kila kipande ni cha ngapi. Mfuatano wa namba 12 unampa uhakika kwamba kipande cha Sanyo kitaingia kwenye Philips. Bila makubaliano hayo mkebe ungekuwa takataka tu.

RANGI HAZISEMI KILA KITU

Hapa ndipo msaada wa kitabu unapoishia na msaada wa mtu unapoanza. Rangi hazisemi mambo mawili.

La kwanza ni wati, yaani joto ambalo rezista inaweza kuvumilia. Chukua mfano wa nyumba yenye sola na betri ya volti 12. Unataka kuwasha LED moja nyeupe, inayotumia volti 3.2 hivi na ampea 0.02. Toa 3.2 kwenye 12, baki 8.8. Gawanya kwa 0.02 upate 440. Ya karibu ni 470. Umemaliza? Bado. Mchana sola ikichaji, betri hufika volti 14.4 hivi. Sasa rezista inabeba volti 11.2, mkondo ni karibu ampea 0.024, na joto ni wati 0.27. Rezista ya kawaida ya robo wati imeshazidiwa. Chagua 560 ya nusu wati: mkondo unarudi 0.02, na joto ni 0.22. Kwa kawaida ya robo ina urefu wa milimita 6 hivi na ya nusu kama 9. Rangi ni zile zile.

La pili ni kazi maalumu. Kwenye chaja na televisheni, pale stima ya volti 240 inapoingia, mara nyingi kuna rezista iliyoundwa ikatike kimya kimya bila kutoa moto mambo yakiharibika. Inafanya kazi ya fyuzi. Ukiitoa ukaweka ya kawaida yenye rangi zile zile, au mbaya zaidi kipande cha waya, kifaa kitawaka na mteja atalipa kwa furaha. Hitilafu ikija siku nyingine usiku, hakuna cha kukata umeme. Fundi anayejua tofauti hii anastahili pesa yake, hata kama kipuri chenyewe ni cha shilingi chache.

SIKU HIZI

Kupata spea kumekuwa rahisi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, unaweza kupiga simu Nairobi, ulipe, na kifurushi kipande na matatu. Zamani ilibidi usafiri mwenyewe, ama umtume mtu anayeshuka na magari ya miraa.

Kugumu ni kutambua. Bodi za leo zina rezista za kubandikwa, ndogo kuliko punje ya mchele. Mistari ya rangi haipo. Kubwa kidogo huandikwa namba: 472 ni 47 na sufuri mbili, yaani 4,700. Ndogo zaidi hazina alama yoyote. Mkebe wa Kimbo hausaidii hapo, kwa sababu kipande kikishatoka kwenye bodi hakijulikani tena. Bila mchoro wa saketi, ambao viwanda vingi havitoi, fundi amefungiwa nje. Kilichokuwa wazi kwa kila mtu tangu miaka ya 1920 kinafungwa polepole, na simu nzima inatupwa kwa ajili ya kipande kimoja.

Kwa hiyo ukienda dukani au ukipiga simu, sema mambo haya manne:

1. Ni omu ngapi, na kama unakubali namba ya jirani.
2. Ni wati ngapi.
3. Asilimia ya kukosea. Kwa LED 5 au 10 inatosha, kwa kifaa cha kupimia tafuta 1.
4. Inakaa wapi kwenye kifaa. Kama iko pale stima inapoingia, taja hilo kwanza.

Muuzaji mzuri atakuuliza hilo la nne hata usipolitaja. Ukimpata wa namna hiyo, weka namba yake ya simu mahali pazuri.

Haya, tukutane wakati mwingine.