Kadi Iko kwa Tajiri

Asubuhi mapema, baridi ya Iringa ikiwa bado haijaachia, vijana wa bodaboda wa Mlandege huwa wameshapanga pikipiki zao, makoti mazito yamefungwa hadi kidevuni. Ukimuuliza mmoja wao chombo ni cha nani, jibu huwa moja kati ya matatu. "Yangu." Au: "Ya tajiri, nampelekea hesabu." Au la tatu, ambalo vijana wengi hulitamka kwa matumaini: "Niko kwenye mkataba."

Mkataba ni mpango rahisi kuueleza. Tajiri ananunua pikipiki, kijana anaiendesha na kumpelekea hesabu ya kila siku, na muda waliokubaliana ukiisha pikipiki inakuwa ya kijana. Mpaka siku hiyo kadi ya umiliki inakaa kwa tajiri. Kijana akikosa hesabu siku moja, anapigiwa simu. Akikosa kwa wiki, tajiri anakuja mwenyewe na ufunguo wa akiba, anawasha, anaondoka. Mara nyingi hakuna karatasi, hakuna shahidi, na hakuna anayejumlisha kilichokwisha kulipwa.

Desturi hii huonekana changa kwa sababu bodaboda ni changa. Mizizi yake ni mirefu, na katika mji kama Iringa ina sababu zake. Iringa mjini hapajawahi kufika reli. Wakati wa mkoloni ni mabasi na malori ya Shirika la Reli yaliyounganisha Dodoma, Iringa na Mbeya. TAZARA ilipokamilika mwaka 1975 ilipitia Makambako na Mbeya, ikauacha mji wa Iringa juu ya kilima chake. Barabara kuu ya kwenda Zambia nayo inapita chini, Ipogolo. Kwa hiyo katika mji huu mwenye chombo cha magurudumu ana riziki, na asiye nacho hutafuta namna ya kukipata kabla hajawa na fedha.

Swali la nani mwenye mali wakati malipo hayajaisha liliwahi kuamuliwa mbali sana na hapa, na kwa sababu ya piano. Nchini Uingereza bwana mmoja alikodi piano dukani kwa malipo ya kila mwezi, kwa makubaliano kwamba akimaliza itakuwa yake. Kabla hajamaliza akaiweka rehani. Mwaka 1895, katika kesi ya Helby na Matthews, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba piano bado ilikuwa ya mwenye duka, naye ana haki ya kuichukua popote alipoikuta. Juu ya msingi huo ilijengwa biashara kubwa ya samani, cherehani na magari. Ulijengwa pia ukatili. Wauzaji wengine walisubiri mteja abakize malipo machache, akiteleza mara moja wanakuja kubeba kitu kizima, kisha wanakiuza upya.

Mbunge wa Jarrow, Uingereza, Ellen Wilkinson, alipigana na tabia hiyo hadi ikapitishwa sheria ya mwaka 1938. Kiini chake kilikuwa hesabu: mteja aliyekwisha kulipa theluthi moja ya bei hanyang'anywi bila amri ya mahakama. Kenya iliichukua fikra hiyo katika sheria yake ya mwaka 1968, ila kipimo kikawa theluthi mbili.

Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na hadithi nyingine. Sheria ya mwaka 1923, iliyorekebishwa mwaka 1931, ilizuia mikopo kwa Waafrika: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kudai deni mahakamani isipokuwa ofisa wa serikali alikuwa ameliidhinisha. Ilielezwa kuwa ni ulinzi dhidi ya madeni. Matokeo yake ni kwamba mkulima au mchuuzi wa Nyanda za Juu hakukopesheka, hata kama alikuwa mwaminifu kiasi gani. Mwenye duka hakuwa na sababu ya kumpa kwa mkopo kitu ambacho hangeweza kukidai. Hakunyang'anywa lori kwa kuwa hakupewa.

Baada ya Uhuru mlango ulifunguka kidogo. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitaifisha mabenki na kuzaa Benki ya Taifa ya Biashara, na mikopo ya magari ikawa kazi ya kampuni ya umma iliyoitwa Karadha. Jina lilichaguliwa vizuri, maana karadha ni mkopo kwa Kiswahili cha zamani. Lakini miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ilikuwa ya uhaba wa fedha za kigeni, mafuta na vipuri. Gari lenyewe lilikuwa adimu kuliko mkopo wa kulinunulia. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, zikiwemo pikapu na mabasi madogo. Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 ikarudisha mabenki binafsi. Mkopo wa gari ukawa biashara, na dalali mwenye nyundo ya mnada akarudi mjini.

Kisha ikaja pikipiki ya bei nafuu kutoka China na India. Kanuni za mwaka 2010 ziliitambua kuwa chombo halali cha kubeba abiria, na mkataba wa tajiri na kijana ukawa shule ya kwanza ya mkopo kwa maelfu ya vijana, Iringa, Mbeya na kwingineko.

Hapa inafaa kupiga hesabu. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 52. Jumla ni siku 312 na shilingi 3,120,000. Kijana amelipa siku 260, yaani shilingi 2,600,000, kisha anavunjika mguu na kulala wiki tatu. Tajiri anachukua pikipiki. Kwa kipimo cha Uingereza ya 1938, kijana huyo alistahili ulinzi tangu siku ya 104. Kwa kipimo cha Kenya, tangu siku ya 208. Kwa mkataba wa mdomo wa kijiweni hana ulinzi hata siku ya 311. Tanzania imekuwa na sheria ya kununua kwa kulipa kidogo kidogo tangu mwaka 1966, lakini sheria haimsaidii mtu asiye na karatasi ya kuonyesha alichokubali na alicholipa. Huu ni udhalimu, hata kama tajiri mwenyewe ni mtu mwema anayehofia mtaji wake.

Kwa aliyekopa benki au kwenye taasisi ya fedha, maumivu yamekuwa marefu zaidi. Zamani sifa ya mdaiwa ilikaa mdomoni mwa watu. Aliyeshindwa Iringa angeweza kuanza upya Mbeya au Tunduma. Mwaka 2012 Benki Kuu ilitoa kanuni za taarifa za mikopo, na mwaka 2013 kampuni mbili, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zikapewa leseni. Mabenki yanawajibika kupeleka taarifa za wakopaji wao kwenye kanzidata. Mwaka 2017 mikopo chechefu ilipopita asilimia 10 ya mikopo yote, mara mbili ya kiwango ambacho Benki Kuu hukiona kinavumilika, maofisa mikopo walizidi kuitegemea kanzidata hiyo. Leo jina lina kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo humfuata mtu popote anapohamia.

Na wengi hudhani gari likishachukuliwa deni limekwisha. Sivyo. Tuseme deni lililobaki ni shilingi milioni 6. Mnada, ambao mara nyingi huuza chini ya bei ya soko, unaleta milioni 4. Gharama za dalali na maegesho ya yadi ni laki 5. Mkopaji hana gari, na bado anadaiwa milioni 2.5. Asipolipa, hilo nalo linaingia kwenye kumbukumbu yake. Maombi yake yajayo, ya ada ya mtoto au ya kujenga, yatakutana na historia hiyo mezani.

Ndipo wengine hukimbilia kwa wakopeshaji wa mitaani, ile mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikuja kuwapa leseni na mipaka, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Anayetoza zaidi, au anayeshika kadi ya gari bila leseni, anavunja sheria. Anayekopa kwake ili kuokoa gari lake hubadilisha deni moja kwa lingine kali zaidi.

Njia nyingine zipo, na zilizo bora zinahitaji mtu aseme mapema. Anayeona rejesho la mwezi ujao halitapatikana aende kwa ofisa mikopo kabla ya tarehe, aombe kwa maandishi mkopo upangwe upya kwa muda mrefu zaidi. Benki nayo hupata hasara mnadani, kwa hiyo mara nyingi itasikiliza. Kama gari halilipiki kabisa, mwenyewe aombe ruhusa ya kuliuza, kwani mnunuzi aliyetafutwa kwa utulivu hutoa bei nzuri kuliko ya nyundo. Kumbukumbu yake kwenye kampuni za taarifa za mikopo ana haki ya kuiona, na kama ina kosa ana haki ya kulipinga.

Kwa anayeanza, SACCOS na VICOBA hukopesha kwa dhamana ya akiba na wenzake, si kadi. Halmashauri zinatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: sehemu nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na vikundi vya bodaboda vinaweza kuiomba.

Lakini wengi wataendelea kuchukua mkataba wa tajiri, kwa sababu ndio ulio karibu na kijiwe. Basi kabla ya kuwasha pikipiki kwa mara ya kwanza, kijana wa Mlandege aombe karatasi moja, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, yenye mambo manne: jumla ya hesabu, daftari la kila malipo, siku za ugonjwa, na kitakachorudishwa kwake endapo chombo kitachukuliwa baada ya theluthi mbili kulipwa. Na tajiri asaini.