Uandishi wa Tarehe katika Kiswahili na Tatizo la Fomu za Tarakilishi

Makala haya yanachunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo mno kuwashughulisha wanaisimu, nalo ni jinsi tarehe inavyoandikwa katika fomu zinazojazwa mtandaoni. Kijana akiandika 11/4/2007 katika fomu ya kuombea kitambulisho, je, amezaliwa tarehe kumi na moja mwezi wa nne, ama tarehe nne mwezi wa kumi na moja? Kwa msomaji wa Kenya hapana swali hapo. Kwa tarakilishi swali lipo, na jibu lisilo sahihi laweza kumnyima kijana huyo miaka yake kumi na minane kwa muda wa karibu miezi saba. Rai yetu ni kwamba tatizo hili si la mafundi peke yao. Ni tatizo la kale la lugha, na wasemaji wa Kiswahili walikwisha kulitafutia dawa kabla ya mashine kuja.

Tuanze na juma lenyewe. Siku tano, tangu Jumamosi hadi Jumatano, huhesabiwa kwa namba, na siku baada ya Ijumaa ndiyo ya kwanza. Inayofuata ni Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa hesabu inayoanzia Jumapili. Basi juma letu lina "tano" mbili zinazofuatana, na hakuna mtoto anayezichanganya, kwa sababu kila moja imefungwa ndani ya jina lake. Hali ni hiyo hiyo kwa usiku. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapokuchwa, hata usiku wa Ijumaa ukawa ndio ule ambao wengine wangeuita usiku wa Alhamisi. Hesabu ya usiku wa manane ilipokuja, lugha haikuitupa ile ya kwanza. Ilitoa msemo "usiku wa kuamkia Ijumaa", ambao hauna utata kwa upande wowote.

Miezi ndiyo yenye mafunzo zaidi. Baada ya Ramadhani, wenyeji wa pwani huhesabu mifunguo tisa: Mfunguo Mosi ni Shawali, Mfunguo Tatu ndio mwezi wa Hija, Mfunguo Sita ndio wa Maulidi, hadi Mfunguo Tisa, kisha hufuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Kando ya hesabu hiyo ya mwezi mwandamo palikuwa na mwaka wa jua wa Nairuzi, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, ambao wakulima na mabaharia waliutegemea kwa sababu mvua na pepo za misimu hazifuati mwezi. Sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja, ni masalio yake. Miezi ya Kizungu ilipoongezwa, watu waliiita pia kwa namba: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Hapo "tatu" ya Machi ikakutana na "tatu" ya Hija. Kilichozuia fujo ni neno linalotangulia namba. "Mwezi wa tatu" na "Mfunguo Tatu" ni vitu viwili, na kalenda imo katika nomino, haimo katika namba.

Wanahistoria wanaijua thamani ya neno hilo moja. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi huko Unguja yanataja mwaka wa 500 wa Hijra. Mwaka huo ulianza mwaka 1106 na kumalizikia 1107. Lakini yaliyochongwa pale yanataja pia mwezi, nao ni Dhulkaada, yaani Mfunguo Pili. Kwa hiyo twaandika 1107 bila wasiwasi. Linganisha na Utendi wa Tambuka, ambao kwa kawaida huhusishwa na mwaka 1141 wa Hijra, na vitabu vyetu huandika 1728. Mwaka wa 1141 ulianza takriban mwezi wa Agosti 1728 na ukaingia 1729. Penye mwaka mtupu, 1728 ni nusu ya jibu tu, ingawa imenukuliwa mara nyingi hata ikachukuliwa kuwa ndilo jibu zima.

Utawala wa Kiingereza ulileta desturi ya kutanguliza siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Haikugongana na lugha. Kiswahili husema "tarehe nne, mwezi wa tano, mwaka fulani", na Kiarabu nacho hufuata mpango huo huo. Fomu nyingi za karatasi ziliacha nafasi tatu, kila moja na jina lake. Mkwaju ndio ulioanza kuyameza majina hayo.

Kwa upande wa mashine, mambo yalikwenda njia nyingine. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 1988 kanuni iitwayo ISO 8601, inayotanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2007-04-11. Mswahili hasemi hivyo, lakini kwa kuhifadhi kumbukumbu ni mpango bora, maana tarehe zikipangwa kama namba hujipanga pia kwa wakati. Lugha ya JavaScript, iliyotokea 1995 na ambayo huendesha kurasa nyingi za mtandao, huhesabu miezi kuanzia sufuri, Januari ikawa mwezi wa sufuri. Na ikipewa 11/4/2007 bila maelezo, kwa kawaida huisoma Kimarekani, Novemba 4. Toleo la tano la HTML, lililoidhinishwa 2014, lina kisanduku maalumu cha tarehe ambacho hutuma jibu kwa mpango wa ISO, ila humwonyesha mtumiaji mpango wa kivinjari chake, si wa lugha ya ukurasa. Matokeo yake ni kwamba fomu iliyoandikwa Kiswahili fasaha, ikifunguliwa katika tarakilishi iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, huweza kumtaka mtu atangulize mwezi. Na hili hutokea ingawa hazina ya data za lugha inayosimamiwa na Unicode ina maelezo ya Kiswahili cha Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, yote yakitanguliza siku. Elimu ipo, haikuulizwa.

Uzito wa kosa hili wapimika. Siku inayozidi 12 hujitetea yenyewe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, na mashine huikataa. Lakini mwaka una tarehe 144 ambazo siku yake haizidi 12. Ukiondoa 12 zisizobadilika, kama 5/5, zabaki 132 zinazogeuka kimya kimya kuwa siku nyingine halali. Mwenye bahati mbaya ni yule ambaye fomu yake haikukataliwa.

Dawa twaijua tangu Mfunguo Mosi: neno lirudi karibu na namba. Huduma za mtandaoni za serikali ya Uingereza hushauriwa kutumia visanduku vitatu vyenye majina ya siku, mwezi na mwaka kwa tarehe ambazo mtu anazikumbuka, kama ya kuzaliwa. Ni ile fomu ya karatasi imerudi. Mwezi ukiandikwa "Aprili", mashine na ihifadhi mpango wake wa ISO ndani, wala hakuna atakayedhurika.

Lipo jambo moja ambalo visanduku vitatu havilitatui. Wazee wengi walizaliwa katika mwaka wa nzige au wa njaa, na siku yenyewe haikuandikwa popote. ISO 8601 inaruhusu kuandika mwaka peke yake, au mwaka na mwezi. Kisanduku cha tarehe cha HTML hakiruhusu. Fomu humkataa mzee mpaka ataje siku, naye, au karani aliye karibu naye, huandika 1/1. Atakayezisoma kumbukumbu hizo baadaye atashangaa jinsi watu wengi walivyozaliwa siku moja.