Ushauri wa Kitaaluma

Ushauri wa kitaaluma ni msaada anaopewa mwanafunzi wa chuo katika kuchagua kozi, kupima mzigo wa masomo na kuyasoma matokeo yake kabla muhula mpya haujamfunga. Hutolewa na mhadhiri aliyepangiwa kundi la wanafunzi, au na mtumishi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo peke yake. Nchini Tanzania watu wengi huuchanganya na kazi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambaye ofisi yake hushughulikia malazi, afya, nidhamu na maisha ya chuoni kwa jumla. Mshauri wa kitaaluma hukaa idarani, na kazi yake huanzia kwenye orodha ya kozi.

Chimbuko

Kazi hii ilizaliwa Marekani, na ilizaliwa kutokana na uhuru. Kwa muda mrefu vyuo vya huko viliwafundisha wanafunzi wote masomo yaleyale kwa mfuatano uleule, kwa hiyo hapakuwa na la kushauriana. Charles William Eliot, aliyekiongoza chuo cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, aliwafungulia wanafunzi mlango wa kujichagulia masomo. Palepale likazuka swali la nani atamwongoza kijana wa miaka kumi na minane mbele ya kozi chungu nzima. Johns Hopkins, kilichofunguliwa Baltimore mwaka 1876 chini ya Daniel Coit Gilman, kilipanga masomo kwa mafungu na kumpa kila mwanafunzi mhadhiri wa kumtazama. Harvard nayo iliunda bodi ya washauri wa mwaka wa kwanza mwaka 1889.

Karibu karne nzima ikapita huku kazi hiyo ikiwa ni ya kutia saini tu. Mwaka 1972 Burns Crookston na Terry O'Banion, kila mmoja kwa makala yake, walitoa hoja ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa fani. Crookston alisema kushauri ni kufundisha. O'Banion alipanga mazungumzo yaanze na malengo ya maisha, yafuate malengo ya kazi, kisha programu ya masomo, ndipo zije kozi, na ratiba iwe ya mwisho. Vyuo vingi hadi sasa huanza na hiyo ya mwisho. Chama cha washauri cha NACADA kilisajiliwa mwaka 1979, na makao yake yako Kansas State University.

Mwanzo wa muhula Tanzania

Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu kutoka kidato cha sita ametoka kwenye tahasusi. Akiwa HGL au PCM alipangiwa masomo matatu, ratiba na mwalimu wa darasa. Wiki ya kwanza chuoni anakuta kozi za lazima, kozi za hiari, na mfumo wa usajili wa mtandaoni kama ARIS wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anakuta pia tarehe ambayo ikishapita, kozi haiongezwi wala haiachwi.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za mihadhara na za kujisomea, na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Muhula wa krediti 60 ni saa 600. Hesabu hiyo, anayestahili kumwonyesha mwanafunzi ni mshauri, kwa kalamu na karatasi, siku ya kwanza.

Ipo na hesabu ya GPA, yaani wastani wa alama. Tanzania hutumia kipimo cha hadi 5, ambapo 2.0 ndiyo ya chini ya kuhitimu shahada ya kwanza na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi hutakiwa 3.8. Mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu aliyeanza na 2.2 anahitaji wastani wa takribani 3.8 katika mihula mitano iliyobaki ili afike 3.5. Aliyeanza na 3.2 anahitaji 3.6 tu. Tofauti hiyo hupatikana katika majuma kumi na tano ambayo wengi huyatumia kuzoea hosteli, foleni ya kusaini bumu (fedha za mkopo) na namna ya kuandika noti za mhadhara.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Ukutani kando ya mlango wa mhadhiri huwa pamebandikwa karatasi ya saa za kuonana na wanafunzi, na muhula unapoanza foleni hujaa korido. Mwanafunzi huingia na matokeo yake kwenye simu. Mshauri mzuri hupitisha kidole kwenye misimbo ya kozi na kusimama pale penye sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa sababu anajua lisiloandikwa kwenye skrini: kozi ile hufundishwa muhula wa kwanza tu. Asiyeifaulu atangoja mwaka mzima kuirudia, na kozi ya mwaka wa pili inayoitegemea itamngoja vilevile. Wanafunzi huita hali hiyo kubeba kozi. Anayebeba nyingi hukaribia kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Mkopo nao umefungwa humo, kwani Bodi ya Mikopo huwaendeleza wanufaika kwa kutegemea matokeo yanayotumwa na vyuo. Dakika kumi katika korido ile zina uzito mkubwa kuliko ule ambao vyuo huzipa.

Idadi ya wanafunzi kwa mshauri

Ushahidi ulio wazi zaidi juu ya idadi hii umetoka New York. Mwaka 2007 chuo kikuu cha jiji hilo, CUNY, kilianzisha mpango wa ASAP katika vyuo vyake vya jamii. Mshauri mmoja alipewa wanafunzi 60 hadi 80, wakati washauri wa kawaida walikuwa na 600 hadi 1,500. Wanafunzi walilipiwa pia vitabu na nauli. Taasisi ya MDRC iliwagawa wanafunzi 896 kwa bahati nasibu, na baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya walio kwenye mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 ya wenzao. Mpango huo uliporudiwa katika vyuo vitatu vya Ohio, tofauti ilikuwa 35 kwa 19.

Georgia State University ya Atlanta iliongeza kompyuta mwaka 2012. Mfumo wake hufuatilia viashiria zaidi ya 800, na mwanafunzi anapojisajili kozi isiyo ya programu yake, mshauri humwita ndani ya siku chache.

Kwingineko

Kenya mwanafunzi hujisajili kwa yuniti, na mshauri hutoka idarani. Na Tanzania kwenyewe, Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, huwafikia wanafunzi wake kupitia vituo vya mikoa.