Suluhisho, Jibu na Sifuri

Wagumu wawili, kama wapagazi wanavyoitwa Kilimanjaro, wanaondoka saa moja asubuhi kwa njia ya Marangu: mmoja yuko Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, mwenzake Horombo, mita 3,720. Tuseme kila mmoja anapanda mita 200 kwa saa. Yule wa chini atamfikia mwenzake lini? Andika 2,720 + 200s = 3,720 + 200s, s ikiwa idadi ya saa tangu waondoke. Ondoa 200s pande zote, unabaki na 2,720 = 3,720. Uongo mtupu.

Hapo wanafunzi wengi huandika s = 0. Lakini saa sifuri ndiyo saa ya kuondoka, na wameachana mita 1,000! Sema “hakuna suluhisho”. Neno hili ni ndugu wa suluhu, mapatano, na pande mbili za mlinganyo huu hazipatani saa yoyote. (Waandishi wa michezo, ambao suluhu kwao ni 0-0, hawatusaidii hapa.) Jibu, hata hivyo, lipo. Anayeandika “hatamfikia”, akaonyesha njia, apewe alama zake zote.