Kuzamia zaidi ya mita 40: Mitungi ibebwe mgongoni au ubavuni?

Gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee pale Likoni, Mombasa, Septemba 29, 2019, watu wengi walijiuliza: kwani wapiga mbizi wanachelewa nini? Si washuke tu, wafunge kamba? Gari lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha karibu mita 58.

Ukiacha mkondo na giza, kushuka kina hicho ni kazi ya dakika chache. Shida ni kurudi juu.

Kila mita 10 unazoshuka baharini, mgandamizo unaongezeka kwa baa moja hivi. Naitrojeni unayovuta inayeyuka ndani ya damu na nyama za mwili. Ukipanda mbio, inatoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo yanaweza kukupoozesha au kukuua. Ndiyo maana unapanda kwa vituo: unasimama dakika kadhaa, unapanda mita 3, unasimama tena. Muda wote huo juu yako kuna dari usiyoiona. Hata hewa ikileta matatizo, huwezi kukimbilia juu.

Sasa ukishajua hilo, swali la kubeba mitungi mgongoni au ubavuni linaacha kuwa suala la kupendeza kwenye picha.

Mgongoni ikoje, ubavuni ikoje?

Mfumo wa mgongoni ni mitungi miwili iliyofungwa pamoja na kuunganishwa juu kwa bomba fupi. Katikati ya bomba kuna valvu ya kutenganisha. Ikiwa wazi, hewa ya mitungi yote miwili ni moja. Unavuta regulata moja, mitungi yote inapungua sawasawa, na geji moja inatosha kukuonyesha hali.

Mfumo wa ubavuni, ambao wenyewe wanauita saidimaunti, ni mitungi miwili isiyounganishwa. Kila mmoja una valvu yake, regulata yake na geji yake, umelala chini ya kwapa ukishikwa na klipu kiunoni na mpira wa kuvutika begani. Asili yake ni mapangoni. Wapiga mbizi wa Uingereza miaka ya 1960 walikuwa wanatambaa kwenye mapango membamba yenye maji, na mitungi ya mgongoni ilikuwa haipiti. Baadaye mtindo ukashika kwenye mapango ya Florida, Marekani, kisha Mexico.

Kitu kikiharibika

Tuseme uko mita 50 na regulata imeanza kumwaga hewa yenyewe. Kwa mgongoni, kelele iko nyuma ya kisogo na hujui ni ya kulia au kushoto. Unapaswa kurudisha mkono nyuma ya kichwa, upapase, ufunge valvu sahihi. Ukifaulu, unahamia regulata ya pili na bado unavuta hewa yote iliyobaki kwenye mitungi yote miwili. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya bomba lile.

Usipofikia valvu je? Hapo bomba linakugeuka, maana mitungi yote inamwagika kupitia tundu moja. Mtu mwenye bega bovu, au aliyevaa suti nene inayombana, asijidanganye hapa.

Kwa ubavuni valvu ziko kifuani, unaziona kwa macho. Unajua mara moja ni ipi, unafunga. Lakini ukishafunga, hewa ya mtungi ule imefungiwa humo. Unaweza kuivuta kwa kufungua na kufunga valvu kwa mkono kila pumzi, na watu hufundishwa hivyo, ila jaribu kufanya hivyo huku unashikilia kina na kusoma kompyuta. Si mchezo.

Hesabu inayosahaulika

Hapa ndipo mimi naona watu wanaoingia saidimaunti kwa haraka wanajiweka pabaya.

Chukua mitungi miwili ya lita 12. Umefika mwisho wa muda wako mita 50 na kila mtungi una baa 70. Jumla ni lita 1,680. Mtungi mmoja ukifa, unabaki na lita 840. Mtu mwenye wasiwasi anaweza kuvuta lita 30 kwa dakika akiwa juu ya maji. Mita 50 mgandamizo ni baa 6, kwa hiyo anatumia lita 180 kwa dakika. Lita 840 zinamtosha kutulia dakika moja au mbili, kisha kupanda hadi mita 21, ambako anaweza kuhamia mtungi wa ziada wenye oksijeni asilimia 50.

Sasa tuseme jumla ni ileile, lakini ulisahau kubadilisha regulata njiani. Mmoja una baa 110, mwingine 30. Ule wa 110 ukifa, umebaki na lita 360. Kwa kina kile ni dakika mbili tu, na bado unadaiwa vituo.

Wa mgongoni hana habari na jambo hili, bomba linamsawazishia. Wa ubavuni anasawazisha mwenyewe, kwa kuhama regulata kila baada ya baa kadhaa tangu mwanzo hadi mwisho. Kama wewe ni mtu wa kusahau, jiulize kwa ukweli.

Mitungi ya ziada nayo ina hatari yake. Ya oksijeni asilimia 50 huvutwa kuanzia mita 21 kupanda, na ya oksijeni tupu kuanzia mita 6. Ukikosea ukavuta oksijeni tupu mita 40, unaweza kupata degedege na kuzama palepale. Wa ubavuni mwenye mitungi minne ana mipira mingi zaidi kifuani, na nafasi ya kushika usio wake ni kubwa. Andika kina kwa herufi kubwa kwenye mtungi, fuata mpira kwa mkono hadi kwenye valvu, na mwenzako ahakikishe kwa macho kabla hujavuta.

Boti, ngazi na mgongo

Mitungi pacha ya chuma na vifaa vyake inazidi kilo 30. Kuinuka nayo kwenye benchi la boti linaloyumba, na baadaye kupanda nayo ngazi, ni kazi nzito, na baada ya kuzamia kwa vituo mwili unashauriwa usifanye kazi nzito. Wa ubavuni anafungua mitungi majini, anampa mtu wa boti, anapanda mwepesi. Kwa mwenye mgongo mbovu hiyo pekee inaweza kumaliza mjadala.

Lakini kuna bahari iliyochafuka. Wa mgongoni anaruka akiwa kamili na kushuka mara moja. Wa ubavuni akivalia mitungi yake majini, mkondo unamchukua huku bado anatafuta klipu. Mabaharia wasiozoea nao watampokezea mtungi kinyume.

Jambo jingine ni upatikanaji. Vituo vingi vya utalii kwenye bahari za joto vina mitungi ya alumini ya moja moja, si pacha yenye bomba. Hapo saidimaunti inakuokoa, unachukua miwili ya kawaida na kazi inaendelea. Ujue tu kwamba alumini ikikaribia kwisha huanza kuelea upande wa chini, kwa hiyo klipu inabidi uisogeze njiani.

Uchague ipi?

Kama unazamia baharini kutoka kwenye boti, na wenzako wote wako mgongoni, na mikono yako inafikia valvu bila taabu, mimi ningesema anza mgongoni. Timu yenye vifaa vya aina moja inasaidiana haraka, kila mtu anajua mpira mrefu wa kumpa mwenzake uko wapi. Kwa ubavuni mpira huo unaweza kuwa mdomoni au umening'inia kwenye klipu, kutegemea ni mtungi upi unavuta dakika hiyo.

Kama ni mapango membamba, au bega na mgongo havikuruhusu, au mitungi pacha haipatikani, nenda ubavuni. Tafuta mwalimu anayezamia hivyo kwa vituo mara kwa mara, si yule aliyeongeza cheti mwezi jana.

Na kabla hujalipia kozi, vaa suti yako, azima mitungi pacha, ingia bwawani na ujaribu kufunga na kufungua valvu zote tatu nyuma ya kichwa bila kupanda wala kushuka. Ukishindwa kwenye bwawa la mita 3, mita 50 hutaweza.