Zimwi, Jini na Kiumbe wa Chemchemi: Wahusika wa Ngano katika Riwaya ya Kiswahili

Husemwa mara kwa mara kwamba kisa cha mapenzi baina ya binadamu na kiumbe wa ghaibu, chenye fumbo la kufumbuliwa na wahusika watokao katika ngano za watoto, ni mtindo wa kigeni ulioingia katika Kiswahili kwa njia ya vitabu vya Ulaya na Marekani. Historia ya maandishi haikubaliani na kauli hiyo. Nathari ya Kiswahili ilijengwa tangu mwanzo juu ya kazi ya kuwachukua wahusika wa ngano na kuwapa maisha mapya. Liulizwalo hapa ni ngano za nani zilizopata heshima hiyo, na ni zipi zilizoachwa.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Mojawapo ni ile ya Sultani Darai. Maskini mmoja, Haamdani, achakuraye jaani apate punje za kula, anamnunua paa, na paa huyo mwenye kusema anamposea binti wa Sultani. Anayemjua yule paka mjanja wa Charles Perrault, aliyetolewa Ufaransa mwaka 1697, atautambua udugu wao. Lakini paka wa Perrault huishia kuwa bwana mkubwa, na paa wa Unguja hufa kwa kutupwa na yule aliyemtajirisha. Mke wa Haamdani ndiye amliliaye paa. Naye Haamdani huzinduka akajikuta jaani kama awali. Basi mhusika ni yule yule, ila hukumu imegeuka. Msimulizi wa Unguja aliutumia muundo ujulikanao katika nchi nyingi kupimia wema na utovu wa shukrani.

Shaaban Robert aliifuata njia hiyo kwa kalamu. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kimejengwa juu ya hadithi moja ya Alfu Lela Ulela, ambayo ndani yake ndugu wawili wamegeuzwa mbwa. Kwa Shaaban Robert mbwa wamekuwa manyani, Harun al-Rashid amekuwa Mfalme Rai, na ndugu wamepewa majina yanayotangaza tabia zao: Adili, Hasidi na Mwivu. Kisa huanza kwa fumbo. Kwa nini liwali mwenye huruma nyingi huwapiga manyani wawili kila usiku? Jibu hupitia kwa Huria, binti wa majini, na kwa Mwelekevu, msichana aliyeokoka katika mji uliogeuka mawe, ambaye mapenzi yake ndiyo yaliyowasha husuda ya ndugu. Mapenzi, ghaibu na upelelezi vimo vyote, ila ghaibu hapa ni mtumishi wa maadili: jini hatokei kutisha, hutokea ili haki itimie.

Muhammad Said Abdulla alishika njia nyingine. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–1958 na kuchapishwa mwaka 1960, huanza kwa maiti iliyokutwa penye mzimu. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, hathubutu kuwatwisha wazee wa kale mzigo wa damu. Humtafuta mwuaji miongoni mwa walio hai. Mwaka 1968 mwandishi huyo huyo alitoa Kisima cha Giningi, akitumia jina ambalo kila mtoto wa Unguja na Pemba amelisikia katika masimulizi ya wachawi. Hofu ya utotoni ikawa pazia la kufichia uhalifu wa watu wazima.

Kwa hiyo ziko njia tatu: kumhukumu binadamu kwa kiumbe wa ngano, kumtumikisha kiumbe huyo katika haki, na kumfunua kuwa hayuko. Zote tatu ni za pwani. Wasultani, majini na mizimu yao yalitoka Unguja, au yalifika kwa maandishi ya Kiarabu, na kwa njia ya vitabu na shule yakaenea bara yote.

Buger, kata ya wilaya ya Karatu mkoani Arusha, ni mahali pafaapo pa kuipima hali hiyo. Ni nchi ya Wairaqw, walioenea katika nyanda za Karatu kutoka Mbulu katika karne ya 20. Lugha yao ni ya Kikushi. Na katika wilaya hiyo hiyo husikika pia Kidatooga, ambacho ni cha Kinailoti, na Kihadza chenye sauti za kidoko. Kiswahili ndicho kiunganishi cha wote na ndiyo lugha ya shule ya msingi. Katika mapokeo ya Wairaqw, Looa ni jua na ni Mungu, naye hutajwa kama mama mwema. Neetlaangw ni viumbe wakali wakaao katika chemchemi na mito. Mtoto wa Buger akitaka kuandika kwa Kiswahili kisa cha mapenzi chenye kiumbe wa chemchemi ndani yake, kwanza atakabiliwa na neno. Akiandika shetani, amekwisha kumlaani kabla hajatenda lolote. Akiandika jini, amemvika mavazi ya pwani. Akiandika mzimu, amemfanya mzee aliyekufa, au hata mahali pa kutambikia, kwa maana neno hilo hubeba maana zote mbili, na katika kitabu cha Abdulla ni jina la mahali.

Kisha huja sarufi. Katika Kiirqwa nomino zina jinsia, na kitenzi cha nafsi ya tatu umoja hutofautisha ya kiume na ya kike. Looa hawezi kutenda bila uke wake wa kisarufi kujulikana. Kiswahili hakina tofauti hiyo: alimpenda haisemi ni nani mume wala ni nani mke. Kilichopotea kwa mtambaji wa Looa ni faida kwa mtunzi wa fumbo, ambaye aweza kulificha umbo la mpenzi wa ghaibu hadi ukurasa wa mwisho.

Kiswahili kina siri nyingine katika upatanisho. Methali husema, zimwi likujualo halikuli likakwisha, na humo zimwi lapewa li-, yaani ni kitu kikubwa cha kuogopwa. Lakini mtunzi ana hiari. Akisema zimwi lilimngoja msichana kisimani, msomaji hukaa mbali. Akisema zimwi alimngoja, kiumbe huyo amekwisha kuwa mtu mwenye moyo. Silabi moja yatosha kutenganisha kisa cha kutisha na kisa cha mapenzi. Lugha za Ulaya zilizozoeleka haziwezi kufanya hivyo kwa wepesi huo.

Yafaa basi kiumbe wa chemchemi aingie katika Kiswahili kwa jina lake, neetlaangw, akipewa upatanisho wa a-, kama vile jini lilivyoingia zamani kutoka Kiarabu na leo hakuna alionaye geni. Malighafi ipo. Matini za Kiirqwa zilizokusanywa na Paul Berger zilichapishwa Köln mwaka 1998, na mwaka 2002 ikafuata kamusi ya Kiirqwa na Kiingereza ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling. Vitabu hivyo hufasiri kwa lugha za kigeni, na mwalimu wa Buger asomaye Kiswahili tu hafaidiki navyo. Kuzifasiri matini hizo kwa Kiswahili, Kiirqwa kikiandikwa kando yake, ni kazi ya taasisi za Kiswahili, nayo yataka kutangulia uhakiki wowote wa riwaya za ghaibu. Pasipo hayo, mtunzi wa bara ataendelea kuazima majini ya pwani kwa kusimulia maji ya kwao.