Tovuti 103 na saa moja ya usiku

Januari 2012, nikiwa shule ya msingi, mdukuzi wa Indonesia aliyejiita Direxer alichafua tovuti 103 za serikali ya Kenya. Kilichonishtua baadaye: alisema alikuwa akifuata masomo ya jukwaa la mtandaoni. Mwanafunzi tu!

Julai 2023 eCitizen ikalemewa na maombi ya uongo. Anonymous Sudan wakajitangaza. Jirani akaniuliza, “Data zangu zimeibwa?” Digrii ya kompyuta ninayo, lakini nilibabaika. Kumbe kuziba mlango kwa umati si kuuvunja.

Usiku huo nikaanza: saa moja kila siku, mchezo wa Bandit wa OverTheWire, ngazi kwa ngazi. Ya kwanza rahisi, unasoma faili. Ya pili faili linaitwa “-”, basi amri ya cat ikakaa ikingoja niandike mimi. Siku tatu! Dawa ni ./ mbele ya jina.

Seva ya mtu sigusi. Sheria ya 2018 inasema kuingia bila idhini ni faini hadi shilingi milioni 5, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Bandit iliwekwa ili ivunjwe.